Bi. Dorotea na Mkrismasi Ulioinamia Kamera

Bi. Dorotea Ng'washi, Msimamizi wa Bustani wa Chuo chetu cha Ualimu Kabuhima, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika muda huo hajachelewa kazini, hajaomba radhi, na hajapita karibu na tawi lililokaa vibaya akaliacha lilivyo. Wageni wengi wanaoingia getini kwa mara ya kwanza humdhania kuwa ndiye Mkuu wa Chuo. Hajamsahihisha hata mmoja.

Jarida hili lina tabia mbaya ya kuwaaga wastaafu wote kwa sentensi zile zile. Fulani alikuwa mpole, mnyenyekevu, mcha Mungu, alishirikiana vyema na kila mtu. Ukibadilisha majina kati ya toleo moja na jingine hakuna atakayegundua, hata mstaafu mwenyewe. Bi. Dorotea hastahili kufanyiwa hivyo. Si mpole. Unyenyekevu anausikia kwa majirani. Kuhusu kushirikiana na kila mtu, kuna idara mbili hapa chuoni ambazo hadi leo zinazunguka kupitia nyuma ya bwalo ili zisikutane naye. Tutaandika basi mambo yalivyokuwa, hasa kwa kuwa mwenyewe atasoma, na mkasi wake bado haujarudishwa stoo.

Alizaliwa ng'ambo ya pili, upande wa Sengerema, kijiji kisicho mbali na Kamanga. Mwaka 1991 alivuka kwa kivuko kuja kuanza kazi akiwa na sanduku la bati na mche wa mlimao ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Sanduku analo hadi leo. Mlimao ulikufa mapema kabla hata hajapokea mshahara wa kwanza. Bi. Dorotea ameshikilia kwa miaka yote hiyo kwamba kosa lilikuwa la udongo wa Ilemela, na udongo haujapata nafasi ya kujitetea.

Aliajiriwa kama mfagizi. Chuo wakati ule kilikuwa majabali, vumbi, miarobaini michache na mbuzi wa jirani waliojiona wanachuo. Alianza kupanda bila kuambiwa. Alibeba udongo kwa karai kutoka bondeni akaujaza katikati ya mawe, akaweka maua pale ambapo wataalamu walishasema hapaoti kitu, na wakuu wa chuo walipokuja kushtuka tayari palikuwa na bustani na tayari palikuwa na msimamizi. Cheo alipewa baadaye ili kuhalalisha hali iliyokwisha kuwapo.

Si kila alichogusa kilipona. Wanaomkumbuka miaka ya mwanzo hawajasahau kiboko. Kulikuwa na fensi ya miti mbele ya maktaba, nzuri, imeshiba, na Bi. Dorotea akaamua kuichonga iwe na umbo la kiboko, kwa heshima ya ziwa. Asubuhi ya kwanza kiboko alitokea kweli, na watu wakapiga makofi. Kisha akaona sikio la kushoto limezidi. Akalipunguza. La kulia likaonekana refu. Akalipunguza nalo. Akaingia mgongoni ili masikio yapate uwiano, akarudi tumboni ili mgongo upate uwiano. Kufikia adhuhuri kiboko alikuwa nguruwe, jioni alikuwa panya mnene, na kesho yake ilibaki kitu ambacho wanachuo walikitumia kama benchi. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: kabla ya kukata, auzunguke mti mzima akiwa ameuficha mkasi mgongoni. Wapo waliomcheka kwa kuzunguka huko. Wengine tuliona kwamba kama wakubwa wa nchi hii wangekizunguka kwanza kila wanachotaka kukifyeka, tungekuwa na mengi yaliyosimama.

Mtu mmoja tu aliweza kupambana naye kwa maneno muda wote huo: dereva wa basi la chuo, Bw. Okwach Otuoma, mzaliwa wa Rorya, mtoto wa wavuvi. Njia ya basi inapita kando ya bustani, na ukingo wa bustani umeumia mara nyingi. Kila ulipoumia, chuo kizima kilisikiliza.

"Mama Ngosha, maua yako yamenifuata tena barabarani!"

"Baba Favour, hivi hiyo leseni ulipewa au uliivua ziwani?"

"Niliivua. Na ilikuwa kubwa kuliko mkasi wako."

Baada ya hapo walikunywa chai pamoja jikoni, kila mmoja akimweleza mpishi jinsi mwenzake asivyo na maana.

Sasa tuje kwenye mti.

Miaka sita iliyopita chuo kiliadhimisha jubilei, na kama ilivyo desturi alialikwa mgeni rasmi kupanda mti. Desturi hii inahitaji kusemwa vibaya, kwa sababu inasifiwa sana. Nchi hii imepandwa miti ya picha kiasi kwamba kama yote ingeishi tusingeliona jua. Mti wa mgeni rasmi hupandwa saa nne asubuhi, hupigiwa makofi, humwagiwa maji kwa kopo jipya lililonunuliwa kwa kazi hiyo, na kabla wiki haijaisha mbuzi ameshaumaliza. Kinachobaki ni kibao chenye jina, kimesimama peke yake kama kaburi la mtu ambaye bado anapanda miti kwingine.

Mti wetu ulikuwa mkrismasi, ule wa maua mekundu yanayowaka Desemba. Mgeni rasmi aliushika kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa na kopo, na macho yakiwa kwa mpiga picha. Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, mti unakuziba uso." Mheshimiwa akaulaza pembeni. Picha ikapigwa. Udongo ukasukumwa haraka haraka, mawe yakapangwa kuuzunguka na kupakwa chokaa, watu wakaenda kula pilau. Mche ukabaki ulivyolazwa, umeinama kuelekea pale kamera iliposimama. Na kamera ilikuwa imesimama katikati ya njia ya basi.

Bi. Dorotea alifika mahema yalipokuwa yanafunguliwa. Alitaka kuung'oa palepale aupande upya wima, kazi ya robo saa. Uongozi wa wakati huo ulikataa katakata: haiwezekani kung'oa kilichopandwa na mgeni rasmi. Alijaribu kueleza kwamba haung'oi, anaunyoosha. Wakamwambia kunyoosha alichofanya mgeni rasmi ni vibaya zaidi. Kwa hiyo mti ukakua umeinama kwa heshima.

Aliamua kuulea hivyohivyo. Mkrismasi ukiachiwa ujilee hutanua matawi chinichini kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, na vichwa viwili au vitatu hugombea kuwa shina, hadi siku moja dhoruba ya ziwani inavigawanya kwa nguvu. Bi. Dorotea alichagua kichwa kimoja, kile kilichoelekea juu kuliko vingine, akawa anawapunguza wapinzani wake kidogo kila kiangazi, kamwe si wote kwa mpigo. Matawi ya chini hakuyafyeka. Aliyaita vibarua: yanalisha shina linenepe, na shina likishanenepa yanaachishwa kazi, moja mwaka huu, jingine mwaka ujao. Mti unaovuliwa matawi yote ya chini ukingali mchanga hurefuka haraka, unapendeza machoni, na unavunjika. Alimkata kila mmoja wa vibarua hao nje kidogo ya kile kivimbe ambapo tawi linaungana na shina, asiingie ndani akaacha kidonda, asikae mbali akaacha kigingi cha kutundikia kofia.

Ili kuurudisha wima alichimbia nguzo mbili na kuushikilia mti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa kulegeza, kwani alisema mti usiotikisika hauoti miguu. Matawi ya pembeni yaliyotaka kusimama na kushindana na kichwa aliyavuta chini kwa mawe. Mawe ndiyo mali asili tuliyojaliwa Mwanza. Aliyatia kwenye vipande vya nyavu chakavu na kuyaning'iniza, moja hapa, moja pale, na kila baada ya muda akayasogeza.

Mpangilio huo, vipande vyeusi vya tyubu, nyavu na mawe yanayobembea, ndio ulioleta balaa. Lakini kwanza likaja balaa la pevingi.

Mkuu wetu wa sasa, Bw. Alexander Nestory, ni mtu mwema, na tunaliandika hilo mapema ili tupate ruhusa ya kuandika yanayofuata. Alipofika alikuta uwanja wa mbele una nyasi, kivuli na vipepeo, akasema panahitaji kuendelezwa. Kuendelezwa siku hizi maana yake ni kumwagiwa vitofali vya saruji. Tumelifunika jiji kwa pevingi kana kwamba ardhi ni aibu ya kufichwa, halafu mvua ikinyesha tunashangaa maji yamekosa pa kwenda na yameingia sebuleni. Mpango wa Mkuu ulikuwa kutandaza pevingi kutoka getini hadi ngazi za utawala, basi lipate pa kugeukia. Mti uliinamia hapohapo pa kugeukia. Kwenye mchoro uliobandikwa ukutani mti haukuwapo kabisa.

Bi. Dorotea aliingia ofisini kwa Mkuu akiwa na mabuti yake ya bustani na matope ya kutosha kupanda mchicha. Katibu muhtasi alisikia yote, na kwa kuwa ni mtu wa kuaminika, sote tulisikia.

"Mkuu, vingine vyote humu nilivikuta vimekua, au niliviua mwenyewe," alisema. "Huu mmoja nimeulea. Usiniondolee kabla sijaondoka."

"Mama, mti umelala njiani."

"Unaamka."

"Utaamka lini?"

"Mpaka nistaafu utakuwa umeshaamka."

Mkuu alifikiri, akatoa sharti. Wiki ya mwisho ya utumishi wake, basi la chuo litageuka uwanjani mbele ya watu wote. Likipita bila kugusa tawi, pevingi itauzunguka mti. Likigusa, mti unaondoka. Bi. Dorotea akakubali, akatoka, akaacha nyayo mbili kubwa kwenye zulia ambazo bado zipo.

Hapo ndipo mhasibu wetu, Bw. Nathaniel Shimba, msomi wa shahada mbili, alipokuja kazini asubuhi yenye upepo na kuutazama mti kwa mara ya kwanza. Aliona vitambaa vyeusi, au alivyodhani ni vitambaa. Aliona vifuko vya nyavu vyenye vitu vizito ndani, vinabembea vyenyewe. Alisimama kidogo. Kisha akaliondoa gari lake na kulipeleka nyuma ya jiko. Alipoulizwa alisema ni kwa sababu ya jua, ingawa nyuma ya jiko hakuna kivuli hata cha kuku.

Ndani ya mwezi huo uwanja wa mbele ulikuwa umebaki na magari machache. Watumishi walianza kuingia ofisini kwa mlango wa pembeni. Kikundi cha maombi kilihamishia kipindi cha mchana karibu na mti, lakini si karibu sana. Habari zilikuwa kwamba Mama Mkasi, kama walivyomwita kisirisiri, amemfunga mtu, na kazi ikabaki kukisia amemfunga nani. Hawa ni watu wanaofundisha walimu. Hawa ndio wanaosimama darasani wakaeleza kwa ubao mzima maana ya chanzo na tokeo, wakafuta chaki mikononi, wakatoka nje na kuogopa jiwe ndani ya wavu wa kuvulia samaki. Kama ujinga ungekuwa umebaki kwa wasiosoma, kazi yetu ingekuwa rahisi.

Bi. Dorotea aliitwa kwenye kikao cha watumishi aeleze. Alieleza vizuri tu, kwa ukamilifu, kama anavyowaeleza wanachuo wanaofanya kazi ya bustani: kwamba kwenye mti kichwa ni kimoja, na tawi jingine likijiinua kutaka kuwa kichwa, analitundikia jiwe hadi litulie. Afisa mmoja aliyekuwa ameomba kupandishwa cheo aliondoka mapema akisema anajisikia vibaya. Kesho yake magari mengine mawili yalihamia jikoni.

Hofu hiyo iliusaidia mti kwa muda. Mafundi wa pevingi walipofika kutoka Mkuyuni na amri ya kuanza na eneo la mti, msimamizi wao aliuzunguka kwa mbali, akauliza nani kayafunga yale mawe, akajibiwa kwamba ni mama mmoja wa Sengerema. Akasema wataanzia upande wa pili. Walianzia upande wa pili, wakaenda polepole kuliko mafundi wowote waliowahi kuonekana mkoani.

Kisha ukafika msimu wa mitihani, na hofu ikageuka tumaini, jambo ambalo ni baya zaidi. Wanachuo walisema mti wenye nguvu ya kufunga hauwezi kushindwa kufaulisha. Wakaanza kutundika vitu. Asubuhi moja ilikuwa kalamu imefungwa kwa uzi. Kesho yake leso. Ikaja mikanda, kamba za vitambulisho, chupa ya maji yenye karatasi ndani, na kiatu kimoja cha kiume ambacho mwenyewe hadi leo hajajitokeza. Walipanda kwenye nguzo ili vitu vyao vikae juu kabisa, kwenye kichwa chenyewe, kwa sababu kila mmoja alitaka daraja la kwanza. Ikanyesha mvua kubwa usiku kucha. Leso zikalowa, zikawa nzito, na kichwa ambacho Bi. Dorotea alikuwa amekipigania miaka yote kikakatika katikati.

Alikikuta asubuhi kikining'inia kwa gome. Wanaomfahamu walitegemea kelele. Hakupiga kelele, na hapo ndipo watu waliogopa kweli. Aliuzunguka mti, mkasi mgongoni, mara nyingi kuliko kawaida yake. Akakata kilichovunjika kwa mkato safi. Akachagua tawi moja la juu, mojawapo ya yale aliyokuwa ameyashusha kwa mawe, akalifungua, akalinyanyua wima na kulifunga kwenye ufito liwe kichwa kipya. Halafu akawaita wanachuo wote uwanjani.

"Mti huu haujasoma," aliwaambia. "Hauna cheti. Haujui hata jina la chuo hiki. Anayetaka kufaulu aende maktaba, na mwenye kiatu chake aje akichukue nimtazame usoni."

Hasara haikuwa kichwa tu. Kulikuwa na tawi la chini, kibarua wa mwisho, lililoelekea njia ya basi. Alikuwa amepanga kuliondoa kiangazi hiki, kabla ya siku ya sharti. Sasa, mti ukiwa umepoteza kichwa na kichwa kipya kikiwa chembamba kama kidole, tawi hilo ndilo lililokuwa linalisha shina. Akilikata, basi litapita na mti utabaki, lakini shina litakosa unene na dhoruba ya kwanza kutoka ziwani itaulaza. Akiliacha, huenda basi likaligusa, na mti ukaondoka wiki hiyohiyo.

Kila mtu alimshauri alikate. Mhasibu alimshauri kutoka mbali. Bw. Okwach mwenyewe alimfuata bustanini akamwambia, "Mama Ngosha, kata. Utakuwa umeshinda, umeshastaafu, ukianguka mwakani si juu yako tena." Bi. Dorotea alimjibu kwamba maneno hayo ndiyo yaliyojenga nusu ya majengo ya umma nchini, na kwamba aende akaoshe basi.

Siku ya sharti chuo kizima kilijipanga. Mkuu alisimama kwenye ngazi na filimbi ya mwalimu wa michezo. Mafundi walikaa juu ya rundo la vitofali vyao. Basi likatoka nyuma ya bwalo, rangi yake ya bluu imeoshwa inang'aa, na Bw. Okwach ndani amevaa tai. Akaingia uwanjani, akauona mti uso kwa uso, mawe yanabembea, na mikono ikafanya ilichofanya. Alikata kona kubwa kiasi kwamba basi lilipanda ukingo wa upande wa pili, likapita juu ya maua ya manjano, likagonga ubao wa matangazo na kusimama. Kati ya basi na mti ungeweza kufanyia harusi.

Watu walishangilia. Mkuu akapuliza filimbi akatangaza kwamba basi limepita bila kugusa tawi, mti unabaki. Mambo yangeishia hapo, na mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angeyaacha yaishie hapo.

"Halijapita," alisema Bi. Dorotea. "Limekimbia."

"Mama Ngosha, umeshinda, nyamaza!" Bw. Okwach alipiga kelele dirishani.

"Baba Favour, rudi nyuma ulikotoka. Sitaki mti wangu uogopwe. Mwakani akija dereva asiyeogopa mtaniambia nini?"

Akavuta ngazi. Mbele ya watu wote akapanda, akakata nyavu moja baada ya nyingine, mawe yakaanguka chini kwa vishindo, na kila kishindo watu walirudi nyuma kidogo. Akafungua vipande vyote vya tyubu isipokuwa kile cha kichwa kipya. Matawi yalitikisika na kubaki palepale alipoyazoesha. Mti ukasimama bila kitu, mkrismasi wa kawaida wenye majani laini, umeinama kidogo bado, kama mtu anayesikiliza. Msimamizi wa mafundi aliutazama, akashuka kwenye vitofali, akaanza kupima kwa macho. Sote tulielewa alichokuwa anapima. Bi. Dorotea pia alielewa. Akashuka, akasogeza ngazi, akamwonyesha dereva kidole cha kuja.

Basi likaja safari hii kama basi. Likageuka kona yake halali, polepole, injini inaguna. Pua ikapita. Kioo cha pembeni kikapita. Tulianza kupumua. Kisha ukasikika mkwaruzo, mdogo, wa tawi la chini kwenye ubavu wa basi, karibu kabisa na mwisho.

Walioko nyuma hawakusikia, na waliosikia waliamua kwamba hawakusikia. Mkuu alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza.

"Limegusa, Mkuu," alisema Bi. Dorotea. Sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Aligeuka kuwatazama mafundi, akavua glavu zake.

Bw. Nestory alishuka ngazi. Aliuzunguka mti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akalitazama lile tawi na mchirizi wa rangi ya bluu juu ya gome lake.

"Hili ulipanga kulikata lini?"

"Kiangazi kijacho."

"Kwa nini si leo?"

"Leo bado lina kazi."

Mkuu akawatazama mafundi, akalitazama basi, akakitazama kibao cha mgeni rasmi, akakohoa.

"Basi," alisema, "tutapima kiangazi kijacho."

Katika maisha yetu ya kazi tumeona mengi yakiahirishwa: mishahara, madarasa, vyoo, haki za watu. Tumeyaandika kwa hasira na tutaendelea kuyaandika. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo likiahirishwa kwa busara, na tunampa Mkuu sifa yake, ingawa asiizoee. Mafundi waliambiwa wauzunguke mti. Bi. Dorotea alivaa tena glavu zake, akamwendea Bw. Okwach, na akamkaripia kuhusu maua ya manjano mpaka saa ya chai.

Uongozi na watumishi wote wa Kabuhima tunakushukuru, Bi. Dorotea, kwa kila kivuli tunachokikalia na kwa kila neno kali tulilolistahili. Tunaishukuru pia familia yako, hasa mwanao Ngosha, aliyekubali kukua akiwa wa pili baada ya bustani. Unarudi nyumbani Sengerema kupumzika. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na udongo unaosikia. Mrithi wako ameagizwa asifunge, asipake chokaa, asisaidie chochote. Mlinzi wa geti naye ameelezwa kwamba kiangazi kijacho atavuka mama mmoja kutoka Kamanga akiwa na msumeno mkononi, na asimsimamishe kumuuliza anakwenda wapi.

Ustaafu wako ukunyookee. Tawi lipo, na hatujaligusa.